Ngumi za Shikamoo

Jumamosi, tarehe 19 Julai. Asubuhi sakitu, umande ulioganda, imelala juu ya kabichi za jirani, nyeupe kama mtu amemwaga unga. Jua lilitoka kwenye saa nne, likapita kama mkaguzi asiye na muda, likarudi mawinguni. Mchana upepo mkavu, wa kupasua midomo.

Ninyi vijana wa ghalani mmeniomba niandike habari za kazi yangu ili wanaokuja nyuma wasome. Ombi hilo nimekaa nalo tangu kabla ya kuvuna mahindi, naliogopa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Tena sina hakika kama karate ni kazi. Kazi iliyonilisha ni kupasua mbao, kwanza kwa msumeno wa watu wawili kule Kifanya, baadaye kwa mashine. Lakini mbao niliziacha siku mgongo ulipokataa, karate sikuiacha. Labda basi hiyo ndiyo kazi. Nikikosea, sahihisheni. Lutengano, mwenzangu wa msumeno, alikuwepo karibu kote, muulizeni, ingawa naye ana chumvi zake.

Kwa asiyetujua: karate yetu ni ile ya kupigana kweli, si ya kupunga mikono hewani. Ngumi ya uso ni marufuku. Kifua, tumbo, mbavu na mapaja ni mali ya umma. Tunafanyia mazoezi kwenye ghala la viazi la mzee mmoja mwema, hapa Njombe mjini, na viazi vikijaa tunatoka nje. Ndiyo maana mnaitwa vijana wa ghalani, na ndiyo maana suruali zetu zote zina harufu ya udongo.

Aliyetuanzisha ni Mwalimu Atanasi, fundi seremala, marehemu sasa. Alijifunza jeshini ujanani, akarudi nyumbani na sanduku la randa na mkanda mweusi uliochakaa hadi kuwa wa kijivu. Mwanzoni alikuwa na refa. Haikudumu. Njombe hii ukikusanya watu kumi, saba ni ndugu na watatu waliobaki wameoa kwa hao saba. Refa akimpa pointi shemeji yake, maneno. Akimnyima, maneno zaidi, na haya yanamsubiri nyumbani. Sisi Walutheri tukasema Mwalimu anawabeba Wakatoliki wenzake. Wakatoliki wakasema anawaonea ili asionekane anawabeba. Nikipima vizuri, naona kila upande ulikuwa na haki kidogo.

Siku moja akachoka. Akamwambia refa akakae, akatugeukia sisi.

"Kuanzia leo aliyepigwa ndiye refa. Ikiingia, sema imeingia. Mwili ni wako, nani mwingine anajua?"

Hadi leo ndivyo tulivyo. Filimbi ni ya kuanza na kumaliza tu. Wageni wanatushangaa. "Na mtu akidanganya?" Akidanganya, shauri yake. Wiki ijayo atapigwa palepale, maana hajajifunza kupalinda.

Sasa niwaambie kuhusu gunia, maana naona mnatengeneza mapya na mnayatengeneza vibaya kama tulivyofanya sisi. Zamani hatukuwa na mifuko ya dukani. Lutengano nami tulikuwa bado tunapasua kwa msumeno wa watu wawili kule Kifanya, maranda yamejaa hadi magotini, ya bure. Tukajaza gunia la katani, tukalishindilia kwa miguu, tukalining'iniza kwenye mti wa mwati nje ya kambi ya wapasua mbao. Maranda yale yalikuwa mabichi, ya msonobari uliokatwa siku hiyo hiyo, yanavuja maji. Ilikuwa mwezi huu wa saba. Usiku sakitu ikaanguka.

Asubuhi tukarushiana heshima. "Anza wewe." "Hapana, wewe ni mkubwa." Mimi ni mkubwa kwake kwa miezi michache, nikaanza. Nilipiga kwa moyo wote. Gunia halikutikisika. Lilitoa mlio kama mlango wa benki. Nilisimama nimeishika ngumi yangu kama mtu aliyeshika yai la mwenzake, na Lutengano akaniuliza kwa upole, "Imeingia?"

Mkono ukavimba wiki mbili. Msumeno ule una vishikio viwili, na Lutengano akalazimika kuvuta pande zote, kwa hiyo naye aliadhibiwa, ni haki kusema hivyo. Mama mkwe aliambiwa nimeangukiwa na gogo.

Kwa hiyo, wanangu: maranda yakauke juani hadi yateleze vidoleni. Changanyeni na nguo kuukuu, nusu kwa nusu. Magunia mawili, moja ndani ya lingine. Lining'inizeni ndani, si nje. Na kila mkimaliza, ligeuzeni kichwa chini, kwa sababu maranda hushuka, na baada ya mwezi chini pamekuwa jiwe na juu pamekuwa mto wa kulalia. Mrefu atawaambia gunia ni laini, mfupi atawaambia ni gumu, na wote watakuwa wanasema kweli.

Mengine ya kiufundi sijui kama nina mamlaka ya kuyasema, lakini miaka imenipitia nikiyafanya. Mzee hupashwa moto kama lori la dizeli. Nendeni Makambako alfajiri muone dereva anavyofanya: anawasha, anaacha lingurume, anakunywa chai, ndipo anaondoka. Ninyi mnaruka kutoka kitandani mpaka ghalani na kuanza kurusha mateke. Nami nilifanya hivyo hadi nyonga iliponiambia tuzungumze. Siku hizi natumia nusu ya muda wa mazoezi kujiandaa kwa mazoezi.

Kila asubuhi navaa soksi nimesimama, mguu mmoja juu, bila kushika ukuta. Nikishika ukuta, siku hiyo sipigani na mtu. Ni kipimo changu mwenyewe, hakikutoka kwa daktari. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mvua zikinyesha na mianzi inatoa, wengi wetu tulishika ukuta. Mwalimu Atanasi alikuwa anatunusa mmoja mmoja mlangoni mwa karakana yake, tulikofanyia mazoezi wakati huo. Ukinuka ulanzi hakufukuzi, anakupa ufagio. Kuna mwaka karakana yake ilikuwa safi kuliko kanisa.

Vifaa vyenu vya sasa, glavu, kinga za meno, kinga za ugoko, nilivicheka. Sisi tulikuwa tunaukomaza ugoko kwa kuupitishia chupa ya soda, na tulijiona wanaume. Leo baridi kama hii ugoko wangu unaniambia mvua siku mbili kabla ya redio. Wenu hautawaambia kitu, na hiyo ni faida. Ila mazoezi ya kwenye simu bado sijayaelewa. Jofrey, kijana mwenzenu, alinionyesha Mjapani mmoja anayefundisha kwa dakika mbili kile ambacho Mwalimu Atanasi alitufundisha kwa mwaka. Nikakitazama mara nyingi. Yule Mjapani yuko sawa. Lakini hakunusa mtu mlangoni.

Nifike kwenye jambo la leo, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwalimu wetu wa sasa ni Fadhili, mnamjua, anafundisha hesabu sekondari. Miaka michache nyuma Lutengano alivunjika ubavu ghalani, akauficha. Alikuwa anacheka nusu nusu, akikohoa anatoka nje. Mwisho alipelekwa hospitali ya Ikonda, hawezi kulala. Fadhili aliumia moyo sana, akaweka sheria: aliyevuka miaka sitini, kila msimu wa baridi asimame raundi moja na kijana. Zikimwingia tatu kabla ya filimbi, anahamia safu ya nyuma, ya kufanya kata, ile mifuatano ya mapigo ya hewani, na kushika pedi, hadi baridi ijayo. Zisipofika tatu, anabaki safu ya mbele, anapigana.

Nilikasirika. Nilimwambia Fadhili anatufanya wazee kama magari ya kukaguliwa. Akajibu, "Babu Sefania, magari mabovu yanaua watu." Lutengano alikwenda nyuma mwaka ule ule. Mimi nilibaki. Nimebaki kila baridi, wa mwisho katika tulioanza na Mwalimu Atanasi, na niwaambie ukweli, safu ile ya mbele ndiyo kitu pekee ninachokililia. Mbao zimekwisha, meno yanakwisha, shamba analima mkwe. Nikisimama mbele, mtu akinijia kwa nguvu zake zote, najua bado nipo.

Lakini mwaka huu nikaanza shaka. Vijana walikuwa hawanipigi.

Nilimkamata Jofrey mwezi wa tano. Jofrey ni yule wa bodaboda, mabega kama kabati. Tulikuwa tunapigana, ngumi yake ikafika kifuani kwangu ikasimama, ikashikashika kidogo, ikarudi.

"Jofrey, mbona unanipapasa?"

"Nimepiga, babu."

"Hiyo ni ngumi ya shikamoo. Piga."

"Babu, siwezi," akasema, na alikuwa ameteseka kweli. "Kwenye msiba wa baba wewe ndiye uliyepasua mbao za jeneza. Mama akisikia nimekupiga, nalala wapi?"

Nikajaribu wengine. Wote ni hivyohivyo. Mmoja alinigusa mbavu akasema "samahani" kabla sijasema imeingia. Siwalaumu. Mmelelewa vizuri, na wazazi wenu nawajua, ningewashtakia kama mngelelewa vibaya. Lakini nikakaa nikawaza: kama baridi zote hizi zimepita kwa ngumi za shikamoo, basi nimesimama mbele kwa huruma. Na anayehurumiwa akisimama mbele, siku moja atapigwa na asiye na huruma, afe. Au mbaya zaidi, kijana ataharibika mkono kwa kuzoea kutopiga.

Nikaenda Makambako. Kuna kikundi cha karate pale, karibu na yanapolala malori, na humo yumo binti anaitwa Rehema, fundi pancha. Nilimkuta kazini, amekalia tairi la lori, anatoa ringi kwa nyundo. Kila pigo moja, hakuna la kurudia. Nikakaa kwenye ndoo nikaangalia.

"Shikamoo, babu. Una pancha?"

"Marahaba. Pengine ninayo, ndiyo nataka kujua." Nikamweleza nilikotoka na habari za kipimo. "Hivi nyie huku, mkipigana, shikamoo mnaifanyaje?"

"Tunaiacha nje pamoja na kandambili."

"Njoo Njombe unipige."

Akaweka nyundo chini. Akanikagua kama tairi. "Presha unayo?"

"Zahanati wamesema ipo sawa."

"Meno ni ya kwako?"

"Yaliyopo, ndiyo."

"Na nikikuumiza?"

"Utakuwa umenijibu."

Akafikiri. Dereva mmoja aliyekuwa anasubiri tairi lake akasema, "Dada, huyo mzee wa watu, utapata laana." Rehema hakumtazama. Alisema, "Babu mwenyewe amekuja na miguu yake, kaka. Anayekuja na miguu yake hana laana." Halafu akaniambia atakuja siku ya kipimo, lakini kwa sharti: nami nimpige kweli, nisije na mambo ya binti huyu, binti yule. Nikakubali. Hilo nilikuwa sijaliwaza, na alikuwa na haki ya kulisema.

Leo basi. Soksi nilivaa bila ukuta. Ghala lilijaa, wengine wamekaa juu ya magunia ya viazi, pumzi zinatoka kama za ng'ombe zizini. Najua wapo waliosema haifai mzee kupigwa na mwanamke mbele za watu. Wengine walisema haifai mwanamke kupigwa na mzee. Nimewasikia wote, sina ugomvi nao.

Filimbi ikalia. Rehema hakuzunguka. Alikuja moja kwa moja kama mtu anayefuata chenji yake, na teke lake la kwanza lilinikuta pajani, ile nyama ya pembeni. Mguu ukawa wa mtu mwingine.

"Imeingia," nikasema, na niwaambie, nilifurahi. Ilikuwa miaka sijaonja kitu kile. Kilikuwa na ladha ya chumvi.

Nikatulia, nikakumbuka mambo yangu. Mzee hawezi kukimbizana. Mzee husimama mahali kijana anapotaka kufika. Nikamwachia nafasi upande wa kulia kama aliyesahau mlango wazi, alipoingia nikampa ngumi ya tumbo. Nilitimiza sharti, sikuipunguza.

"Imeingia," akasema Rehema, akavuta pumzi puani. Jofrey huko juu ya magunia akapiga mluzi.

Ya pili ilinikuta kifuani. Niliiona ikija tangu Wanging'ombe, mkono ukachelewa tu. Nikasema imeingia. Nikamrudishia teke la paja, akasema imeingia. Mbili kwa mbili. Nilimsikia Fadhili akisema, "Nusu dakika."

Nusu dakika ni ndefu ukiwa na miaka yangu. Tulikuwa tumekaribiana, kifua kwa kifua, mgongo wake kwa Fadhili, wangu ukutani. Akapiga fupi, chini ya kiwiko changu cha kushoto. Kiwiko kilishuka kuziba, kikagusa mkono wake, lakini ngumi ilikuwa imeshapita. Ilinigusa mbavu, ndani, mahali ambapo siwezi kukosea. Hakuna aliyeona. Rehema mwenyewe alidhani amegonga kiwiko. Niliona usoni mwake, alikunja sura kama aliyeumia vidole na kurudi nyuma kujipanga. Filimbi ilikuwa imeshafika mdomoni mwa Fadhili.

Nimejiuliza tangu mchana ni kitu gani kilinifanya niseme. Ningependa kuwaandikia kwamba ni uaminifu. Inawezekana ni uaminifu. Inawezekana pia pumzi zilikuwa zimekwisha na sehemu fulani ya mwili ilitaka kukaa. Nadhani vilichangia vyote, sijui kwa kiasi gani.

Nikasema, "Imeingia."

Fadhili akashusha filimbi. "Nini, babu?"

"Ya tatu. Imeingia."

"Babu, imegonga kiwiko," Jofrey akapiga kelele kutoka juu. "Nimeona mimi."

"Hukuona, Jofrey. Mbavu ziko huku kwangu."

Rehema akanitazama, akaufungua mkono, akautazama nao. Halafu akainamisha kichwa, ile salamu yetu ya karate, akaishikilia kwa muda. Fadhili alikuja akanigusa mbavu kwa vidole viwili, akaniambia nivute pumzi, nikavuta. Hazijavunjika. Alikuwa na macho mekundu, akasingizia vumbi la viazi.

"Safu ya nyuma, babu," akasema taratibu. "Hadi baridi ijayo."

"Ndiyo sheria."

Nikatembea kwenda nyuma. Ghala lile nimelipita mara nyingi lakini leo lilikuwa refu. Lutengano alikuwa amekaa kwenye kona yake na pedi mbili, moja kwake, moja ameiweka pembeni. Akasogea.

"Kamwene, karibu," akanisalimu kwa lugha ya nyumbani. "Huku kuna dirisha. Saa sita jua linafika mpaka magotini. Hamkujua huko mbele."

"Unalinda nafasi yangu tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda Makambako. Mtu mwenye akili hatafuti fundi pancha kama hana tundu."

Nilitaka kucheka, mbavu zikakataa. Tukashika pedi. Aliyekuja mbele ya pedi yangu ni Jofrey. Alinitazama, mimi nikaitikisa pedi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapiga kwa bega zima. Nilirudi hatua mbili, Lutengano akanizuia kwa mgongo. Hiyo pedi inafundisha, wanangu. Ukiishika unajua ngumi ya kila mtu inaanzia wapi: ya Jofrey inaanzia kisigino cha kulia, halafu inapotelea kiunoni. Nimemwambia. Amepiga tena, haikupotea. Wiki ijayo nitamwangalia tena.

Rehema hakupanda gari na wenzake wa Makambako waliomsindikiza. Alisema haiwezekani umpige baba wa watu uondoke bila kumsalimu mama. Tukatembea naye polepole hadi nyumbani, yeye amebeba begi langu, mimi nimebeba mbavu zangu.

Mke wangu, Mama Upendo, hajawahi kuja ghalani hata siku moja. Yeye husema aliolewa na mpasua mbao. Alitukuta mlangoni, akaniangalia ninavyopanda ngazi, akamwangalia Rehema.

"Ndiye wewe?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umempiga vizuri?"

Rehema akanitazama kuomba msaada, sikumpa.

"Nimempiga vizuri, mama. Naye amenipiga."

"Haya. Ingia jikoni upate moto."

Walikaa humo muda mrefu. Niliwasikia wanaongea, sikusikia nini, halafu nikawasikia wanacheka, na Rehema akasema, "Lilitoa mlio wa nini?" Nikajua mama mkwe alidanganywa lakini binti yake hakudanganywa kamwe.

Usiku tumekula ugali, mboga ya figiri, na kuku wa kienyeji, yule jogoo mwekundu aliyekuwa anaamsha mtaa mzima. Mama Upendo aligawa mwenyewe. Mimi alinipa paja. Firigisi, ambayo katika nyumba hii imekuwa kwenye sahani yangu tangu tulipooana, aliiweka kwenye sahani ya Rehema, akaendelea kugawa mchuzi kama hajafanya kitu. Binti alisimamisha mkono, akanitazama. Nikamwambia, "Kula, mwanangu, isipoe."